Mstari Usioanzia Sifuri

Alhamisi jioni, maktaba ya Grimsby, mwezi wa pili.
Giza limeingia kabla ya watu kutoka kazini,
na mikono yangu bado inanuka chewa
niliowapanga kwenye trei tangu alfajiri.
Mwalimu Maureen anagawa karatasi za miraba.
"Tatu," ananiita, "njoo ubaoni."
Nami, mtoto wa tatu wa mama yangu,
niliyepewa namba kabla sijaijua namba,
nakwenda.

"Chora jedwali la ujira wako."
Saa upande huu, pauni upande ule:
moja, kumi na mbili;
mbili, ishirini na nne;
tano, sitini.
Saa zikiongezeka maradufu, na pauni maradufu,
zinafuatana kama uzi na sindano.
Nahamishia nukta kwenye grafu, naweka rula,
mstari unapanda mnyoofu kutoka pembeni,
pale mihimili miwili inapokutana:
saa sifuri, pauni sifuri.
"Huo ndio uwiano," anasema mwalimu.
Hilo, nasema moyoni, halikuhitaji grafu.
Nikiugua siku moja tu
naijua pembe ile ilivyo baridi.

Kisha akatoa jedwali la umeme,
nami nikakaa wima.

Maana mwezi uliopita nilikwenda Muheza kumwoza binti yangu,
wiki tatu, mlango nimefunga, friji nimechomoa,
ufunguo nimemwachia Rasa wa ghorofa ya juu
amwagilie mrehani wangu dirishani.
Narudi, mita ya luku inawaka nyekundu:
deni, pauni kumi na mbili na peni sitini.
Sikumuuliza.
Nilihesabu kichwani birika alizochemsha,
soksi alizokausha kwa umeme wangu,
na tukipishana ngazini nikausalimu ukuta.
Sasa yupo safu ya nyuma, anachonga penseli.

Yuniti sifuri, peni sitini.
Moja, themanini na tano.
Mbili, mia na kumi.
Nne, mia na sitini.
"Mbili imekuwa nne," anauliza mwalimu,
"je, mia na kumi imekuwa mia mbili na ishirini?"
Haikuwa.
Mstari ni mnyoofu, rula haikukataa,
lakini pembe haugusi.
Umeanzia juu, sitini juu ya sifuri,
kama timu iliyoingia uwanjani
na bao moja mfukoni.
Nikaweka kidole. "Hii ni nini?"
"Ada ya kusimama," akasema.
"Kila siku. Uwashe, usiwashe."

Ada ya kusimama!
Mimi nasimama tangu kengele hadi kengele
kwenye sakafu ya barafu, goti linalia,
ndipo nilipwe.
Mita imesimama ukutani, haina goti wala mgongo,
nayo inalipwa,
na mlipaji ni mimi.

Nikagawanya, pembezoni mwa karatasi:
awashaye nne, kila yuniti yamgharimu arobaini;
awashaye moja, themanini na tano.
Anayejibana ndiye anayebanwa.

Kisha nikazidisha, nimeziba kwa kiganja
kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu:
sitini mara siku ishirini na moja.
Nikarudia. Jibu lile lile.
Elfu moja mia mbili na sitini, peni kwa peni,
na hamna birika humo. Hamna soksi.
Hata mraba mmoja wa Rasa haumo.
Ni saa moja na dakika tatu za kusimama kwangu, basi,
na hizo dakika zina jina langu.

Darasa likaisha, viti vikaburuzwa.
Rasa alikuwa akihangaika na zipu ya koti.
Nilikuwa na maneno, yakagoma,
nikamnyooshea ile karatasi,
kidole pale mstari unapoanzia.
Akaitazama kwa muda mrefu, midomo ikihesabu.
"Ule mrehani," akasema,
"majani mawili yalikauka. Nilitaka kukuambia.
Samahani."